Nyumba ya chini inapasuka, ghorofa la jirani limetulia: tuongee kuhusu udongo ulioko chini ya msingi wako

MpimaUdongo:

Wakuu habari za jioni. Humu kuna nyuzi nyingi za ramani, za bei ya nondo, za tofali ngapi zinatosha vyumba vitatu, lakini ukitafuta uzi wa udongo unakuta watu wanaishia kwenye "piga msingi wa mawe, utakaa". Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kuchimba mashimo, kuchukua sampuli, kupeleka maabara na kuandika ripoti ambayo nusu ya wateja hawaisomi, wanaitaka tu kwa ajili ya kibali. Nimeona leo nimwage kidogo nilichonacho, mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Nianze na kitu kinachowachanganya watu wengi hapa Dodoma. Unakuta mtaa mmoja, udongo uleule mweusi wa mbuga, nyumba ya chini ya vyumba vitatu imepasuka kona zote za madirisha, na pembeni yake kuna ghorofa la sakafu nne halina ufa hata wa kupitisha wembe. Mwenye nyumba ndogo anasema fundi alimuibia saruji. Inawezekana, mafundi wetu tunawajua, ila mara nyingi sababu ni kwamba nyumba yake ni NYEPESI.

Ndiyo, nyepesi. Ule udongo ukinyonya maji unavimba, na ukivimba lazima usukume kitu. Nyumba ya chini ya kawaida msingi wake unakandamiza ardhi kwa kama tani 3 mpaka 6 kwa kila mita ya mraba. Udongo mkali wa mbuga ukizuiwa usivimbe unaweza kusukuma kwenda juu kwa tani 20 na zaidi kwa eneo hilohilo. Sasa nani atashinda hapo? Ghorofa lina uzito wa kuukalia ule udongo, na pia aliyejenga ghorofa kwa kawaida alilazimishwa kupima, akashusha msingi wake chini zaidi ambako unyevu haubadilikibadiliki. Wewe wa vyumba vitatu umechimba futi tatu, umepanga mawe, umekaa palepale kwenye ile tabaka ambayo kila mwaka inalowa na kukauka.

Hapa Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili hivi, halafu miezi mingine yote ni jua tu. Kwa udongo wa aina hii hakuna hali ya hewa mbaya kuliko hiyo. Kiangazi ardhi inafunguka nyufa mpaka mtoto anaweza kuingiza mguu, masika zinajifunga. Nyumba iko juu yake inapandishwa na kushushwa, na haipandishwi sawasawa, kona hii leo, kona ile kesho, na ukuta wa tofali haujui kupinda, unajua kupasuka tu.

Kwa nini udongo huu na sio ule mwekundu? Ni madini yaliyomo ndani yake. Udongo mweusi wa mbuga umejaa madini yanaitwa montimorilonaiti, ni vipande vyembamba sana vimelaliana, na kati ya kipande na kipande nguvu ya kushikana ni ndogo, kwa hiyo maji yanapenya katikati na kuvitenganisha. Udongo mwekundu wa vilimani mara nyingi una kaolinaiti, vipande vyake vimeshikana vizuri, maji hayapiti kati yake, unalowa lakini hauvimbi kihivyo. Mbuga inapatikana mabondeni na kwenye tambarare ambako maji yanatuama hayana pa kwenda, mwekundu unakaa mteremkoni ambako maji yanapita na kuondoka. Ndio maana wazee walikuwa wanajenga juu mlimani na bondeni wanaacha walime mpunga, hawakuwa na maabara lakini macho walikuwa nayo.

Tahadhari moja kabla sijaendelea: rangi isikudanganye. Upo udongo wa kijivu, upo hata mwekundumwekundu unaovimba. Kibaha kuna utafiti wa shahada ya udaktari (PhD) ulifanyika kupitia chuo cha KTH cha Stockholm, ukatoka mwaka 2008, kuhusu majengo yanayopasuka kwa udongo wa kuvimba kulekule Kibaha, na Kibaha watu wengi hawaifikirii kama mbuga.

Ngoja nipumue, maswali yaje.

Kipusa_wa_Area_D:

Siti ya mbele kabisa. Shusha nondo mkuu, na hizi za leo sio za milimita 12.

FundiMzee:

Kijana nimesoma. Mimi nimejenga tangu hao wa mashimo na maabara hawajafika mkoa huu. Dawa ya nyufa ni mkanda, unapiga mkanda chini, unapiga mkanda juu ya lenta, nondo nne za 12, zege moja kwa mbili kwa nne, na unachimba mpaka sululu ilie. Sululu ikilia hapo umefika udongo mgumu, weka msingi. Haya mengine ni kumtafutia mteja gharama.

MpimaUdongo:

Shikamoo fundi. Mkanda uko sahihi kabisa na sikupingi, nyumba yenye mikanda miwili inajikaza pamoja na nyufa zinapungua. Wengi wanaruka ule wa chini ili wabane hela na hapo ndipo wanapoumia.

Kwenye sululu ndio tunaachana mzee wangu. Mbuga ikiwa kavu ni ngumu balaa, mwezi wa tisa sululu inadunda na kijana wako anaomba maji kila dakika, na kweli ukipima siku hiyo utapata namba nzuri za ubebaji, yaani uwezo wa kubeba mzigo, kuliko hata changarawe. Rudi palepale mwezi wa pili, kanyaga, kiatu kinabaki. Udongo uleule, shimo lilelile, kilichobadilika ni maji tu. Kwa hiyo ugumu wa kiangazi kwenye udongo wa mfinyanzi hauna maana yoyote mpaka useme ulikuwa na maji kiasi gani siku hiyo, na utakuwa na kiasi gani masika. Mtu akikuambia "hapa ardhi ni ngumu" muulize ni ngumu mwezi gani.

Na kwa wanaotaka kujaribu wenyewe bila kumtafuta mtu kama mimi, kuna kipimo rahisi ambacho Wahindi wanakitumia rasmi, nao wana eneo kubwa la udongo huu. Chukua udongo kwenye kina unachotaka kuweka msingi, sio wa juu wenye mizizi. Kausha, ponda, chekecha kwa chekeche laini sana, ya maabara ni milimita 0.425. Pima gramu 10 mara mbili. Tafuta silinda mbili za kupimia za mililita 100, za kioo, zile za maabara ya shule zinafaa. Moja weka maji safi, nyingine weka mafuta ya taa. Mimina udongo, koroga kwa kijiti mapovu yatoke, acha mpaka kesho yake.

Kwenye mafuta ya taa udongo unatua chini umetulia, mstari wake unaonekana vizuri, kwa sababu yale madini hayana habari na mafuta ya taa. Kwenye maji, kama ni mbuga kweli, utaukuta umepanda, umekuwa laini, ukiinamisha silinda unacheza. Tuseme kwenye mafuta umesoma 12 na kwenye maji umesoma 24, toa 12 kwenye 24, gawa kwa 12, zidisha kwa 100, unapata asilimia 100. Chini ya 50 una nafuu. Ikipita 100 usicheke nao, tafuta injinia kabla hujatafuta tofali. Hiki hakikupi msingi wa kujenga, kinakuonya tu, msije mkasema niliwaambia mafuta ya taa yanatosha.

FundiMzee:

Marahaba. Hilo la mwezi wa tisa na mwezi wa pili nakubali, nimeliona. Mafuta ya taa nitajaribu.

MamaWawili:

Kaka samahani mimi sijengi, mimi nishajenga na nyumba imeshapasuka. Nyufa zinatoka kwenye kona za madirisha zinapanda kimshazari mpaka juu, na sebuleni sakafu imefanya kama kilima katikati, ukiweka chupa inabingirika. Fundi alikuja akaziba kwa saruji, zikarudi palepale na nyingine mpya pembeni. Nifanyeje, nibomoe?

MpimaUdongo:

Dada usibomoe kwanza. Nyufa zinasomeka, tuzisome.

Angalia ufa ni mpana wapi. Kama juu umefunguka zaidi kuliko chini, maana yake pembeni mwa nyumba kunashuka au katikati kunapanda. Kama chini ndiko umefunguka zaidi, kinyume chake, katikati inadidimia au pembeni kunapanda. Wako kwa maelezo ya sakafu nahisi ni wa kwanza, katikati inapanda, na hiyo ni kawaida kwa nyumba yenye miaka kadhaa juu ya mbuga: ukishafunika ardhi kwa jamvi la zege, unyevu uliokuwa unatoka juani hautoki tena, unajikusanya chini ya sebule kidogokidogo, udongo wa katikati unavimba wakati wa pembeni unaendelea kukauka kila kiangazi.

Chukua penseli, kila upande wa ufa weka alama ndogo ya msalaba, pima umbali kati ya alama mbili kwa rula, andika ukutani tarehe na milimita. Fanya hivyo kwa nyufa tatu au nne, rudia kila mwezi. Zikipanuka kiangazi na kubana masika, ni udongo unapumua na misimu. Zikiwa zinaenda upande mmoja tu bila kujali msimu, na ziko upande mmoja wa nyumba, tafuta bomba linalovuja, shimo la maji taka lililo karibu na msingi, au tenki lisilokauka chini yake. Hiyo ya bomba ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, na dawa yake ni ya bei ndogo.

Na fundi asizibe tena kwa saruji wakati wa kiangazi. Ufa ukiwa umefunguka ukijaza kitu kigumu, masika yakija unataka kujifunga, hauwezi, unasukuma ukuta na kupasua pengine. Ndio hizo mpya za pembeni.

Cha kufanya sasa hivi ni kudhibiti maji. Weka gata na maji ya bati yapelekwe mbali, yasimwagike mguuni mwa ukuta. Zungushia nyumba sakafu ya zege ya mita moja na nusu hivi yenye mteremko wa kutoka nje, ili unyevu wa chini ya msingi usibadilike ghafla. Shimo la maji taka likae mbali. Bustani ya kumwagilia kila siku dirishani hamisha, najua inauma lakini hamisha. Miti je, una mti mkubwa karibu?

MamaWawili:

Mwarobaini mkubwa nyuma jikoni, na mbele kulikuwa na mwingine tuliukata wakati tunaanza kujenga.

MpimaUdongo:

Basi vyote viwili vinahusika. Mti mkubwa unanyonya maji mengi ardhini, udongo wa karibu unakauka na kusinyaa, upande wa jikoni unashuka. Ule uliokatwa ulifanya kinyume: miaka yote ulikuwa umeukausha udongo, ukaukata, ukajenga fasta juu yake, sasa udongo unarudisha maji yake taratibu na unavimba, na unaweza kuendelea miaka kadhaa. Ndio maana kiwanja chenye miti mikubwa kwenye mbuga ukishakata miti unatakiwa uache angalau masika yapite kabla ya kujenga. Wa jikoni usiukimbilie kuukata leo kwa hasira, utahamishia tatizo upande wa pili. Punguza matawi, na mtu aje aone nyumba kabla.

Mkitengela:

Niaje wadau, niko huku Kitengela, Kenya. Kwetu hatusumbuani na maabara sana, diga inakuja inatoa hiyo bleki kotoni yote, huo udongo mweusi, mpaka ifike kwa mawe ama maram, unajaza hadkoo, yaani mawe, unashindilia, unamwaga slabu. Shida ni pesa, hiyo kuchimba peke yake inakula pesa ya ukuta mzima. Lakini nikuulize boss, jirani yangu alifanya hivyo tu vizuri na bado floo yake imeinuka. Alikosea wapi?

MpimaUdongo:

Karibu sana mkuu. Njia yenu ni nzuri kwa sababu upande wenu wa tambarare za Athi ule weusi mara nyingi umelala juu ya mwamba wa volkano na hauko mbali, mita moja, mita na nusu, unaumaliza wote. Ukiumaliza wote umemaliza kesi.

Jirani yako nadhani hakuumaliza. Alichimba mita moja, chini bado kulikuwa na mweusi mwingine, akajaza mawe. Mawe yana nafasi katikati, maji ya mvua yakianguka pembeni mwa nyumba yanaingia kwenye lile shimo na hayatoki, maana pande zote na chini ni mfinyanzi usiopitisha. Ametengeneza beseni chini ya nyumba. Ule udongo wa chini ambao zamani ulikuwa unalowa msimu tu sasa unakunywa mwaka mzima. Bora hata asingechimba!

Kama huwezi kuumaliza, usijaze mawe wala mchanga. Jaza moram (hiyo maram yenu, changarawe) yenye udongoudongo usiovimba, ushindiliwe tabaka kwa tabaka za sentimita 15 ukiwa na unyevu wake unaofaa, ili maji yasipate njia. Kwenye barabara wanachanganya na chokaa: kalsiamu ya chokaa inachukua nafasi kwenye yale madini, udongo unapoteza ulaini na uvimbaji wake, unakuwa kama changarawe unavunjikavunjika. Kwa nyumba moja kazi ya kuchanganya chokaa vizuri ni ngumu, ukiichanganya kwa koleo unapata sehemu ina chokaa na sehemu haina. Sipendekezi.

Njia nyingine ni nguzo fupi zinazoshuka mpaka chini ya ukanda unaobadilika unyevu, na juu yake biimu zinazobeba ukuta, na chini ya biimu unaacha uwazi wa sentimita kadhaa. Ule uwazi ndio kila kitu, udongo uvimbe humo bila kuigusa biimu. Nimeshaona saiti mafundi wanaujaza kifusi kwa kuona eti injinia alisahau.

Stjo_Sivili:

Wakuu mimi nipo mwaka wa tatu uhandisi ujenzi. Hii kozi ya soil tunakariri tu. Kikombe cha Casagrande, mapigo 25, sijui "stresi fanisi", mtihani unaisha na mimi nasahau. Naomba unieleze kitu kimoja tu kiingie.

MpimaUdongo:

Mdogo wangu, kitu kimoja kitakachokubakia: udongo ni punje, maji na hewa, na nguvu yake iko pale punje zinapogusana. Chukua mzigo wote ulioko juu, toa presha ya maji yaliyoko kwenye vitundu, kinachobaki ndicho kinachozikandamiza punje zishikane, na hiyo ndiyo "stresi fanisi" yako. Maji yakipata presha, punje zinaachiana hata kama mzigo haujabadilika. Mteremko uliokaa miaka mia unashuka siku ya mvua, na mlima haujaongezeka uzito wa maana, presha ya maji ndani ndiyo imepanda. Hilo alilipanga vizuri Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, na kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho watu wanachohesabia mwanzo wa fani hii.

Cha pili, muda. Mfinyanzi ukiubebesha mzigo maji yanatoka polepole sana, na tabaka likiwa nene mara mbili muda unakuwa mara nne. Mnara wa Pisa kule Italia, ule ulioinama, ulianza 1173, wakafika sakafu ya tatu wakasimama karibu miaka mia kwa sababu ya vita. Wangeendelea moja kwa moja ule mfinyanzi wa chini ungeshindwa na mnara ungelala. Kule kusimama kwa ajili ya vita ndiko kulikoupa udongo nafasi ya kutoa maji na kukaza. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 walipourekebisha hawakuusukuma kutoka upande ulioinamia, walichomoa udongo kidogokidogo upande wa pili, ukarudi kama nusu ya digrii.

Kikombe cha Casagrande nacho sio cha kukariri. Atterberg, mkemia wa Sweden, mwaka 1911 aliuliza swali la mtu anayefinyanga vyungu: ni unyevu gani udongo unaanza kutiririka, na ni unyevu gani unaacha kufinyangika? Casagrande akaja baadaye kuliwekea chombo, kikombe kinaanguka milimita 10, mfereji uliochorwa kwenye udongo ukijifunga kwa mapigo 25 huo ndio mpaka wa kutiririka. Mpaka wa pili unauviringisha kwa kiganja mpaka uzi wa milimita 3, ukianza kukatikakatika hapo ndipo. Tofauti ya hizo namba mbili ikiwa kubwa, udongo una njaa ya maji.

Ila usiziabudu hizo namba. Kenya kuna bwawa la Sasumua, Kinangop, linalopeleka maji Nairobi. Lilipojengwa miaka ya 1950 vipimo vya maabara vya udongo wake vilikuwa vya ajabu, kwa kusoma tu ungesema udongo haufai. Terzaghi akaletewa, akaonyesha kwamba madini yake ni haloisaiti, ya udongo wa volkano, na punje zake zimejikusanya vishadavishada vigumu vyenye maji ndani. Maji yale yanapandisha namba lakini hayalainishi chochote. Tuta likajengwa, mwaka 1958 akaliandikia makala, na bwawa lipo mpaka leo. Kwa hiyo ukienda Kinangop, Arusha, Mbeya, kote kwenye udongo wa volkano, usiukaushe kwenye oveni kabla ya kupima, ukishakauka unabadilika na haurudi. Hilo usipoandika kwenye mtihani utakosa maksi moja, usipolijua kazini utakataa udongo mzuri.

Stjo_Sivili:

Mkuu umenifundisha kwa dakika tano kitu nilichohangaika nacho semista nzima. Nimeskrinishoti.

Mchaga_Mbishi:

Maneno mazuri ila tuambiane ukweli. Hizi ripoti za udongo zinakopiwa. Nilipewa ripoti yangu kurasa arobaini, ndani limebaki jina la kiwanja cha mtu mwingine. Milioni na ushee imeenda hivyo. Tutawaamini vipi?

MpimaUdongo:

Mkuu hilo lipo na linatutia aibu sisi tunaofanya kazi. Njia ya kujilinda ni kuwepo saiti siku ya kuchimba, nusu siku tu. Ukiona wamekuja na mashine ya kupiga, kuna nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka sentimita 76, wanahesabu mapigo ya kuzamisha bomba sentimita 15, kisha 15, kisha 15. Zile 15 za mwanzo hazihesabiwi kwa sababu udongo wa kwenye kitako cha shimo umevurugwa na uchimbaji, zinajumlishwa za pili na za tatu. Simama pale na daftari lako uandike mapigo, halafu ripoti ikija linganisha. Hakuna anayekopi akijua mteja anazo namba zake mwenyewe.

Kwenye ripoti angalia kwanza karatasi ya shimo, sio hitimisho. Iwe na tarehe, kina cha kila tabaka, rangi, maji yalikutwa mita ngapi au hayakukutwa. Kama ni mfinyanzi na hakuna kipimo chochote cha uvimbaji, kuna namba tu ya ubebaji, rudisha. Ubebaji unajibu swali la kudidimia na kuvunjika, na shida kubwa ya mbuga sio kukudidimiza, ni kukuinua.

Msukuma_wa_Capripoint:

Sisi wa Mwanza hatuna shida, tumejenga juu ya mawe. Mwamba hauvimbi. Tunawaonea huruma.

MpimaUdongo:

Hahaha ndugu yangu usishangilie mapema. Mawe ya Mwanza ni graniti iliyooza kufuata nyufa zake, maji yamepita kwenye nyufa miaka na miaka, mwamba umelika pembeni na kubaki mapande ya mviringo yamezungukwa na mchanga-udongo uliooza. Kwa hiyo lile jiwe unaloliona ni mwamba, linaweza kuwa limeshikana na dunia, na linaweza kuwa limekaa tu juu ya udongo. Ukichimba shimo la utafiti ukagonga jiwe ukaandika "mwamba mita 2" umejidanganya, chini yake mita 4 kunaweza kuwa na udongo tena. Ndio maana ukigonga unaendelea kuchoronga ndani ya jiwe mita 3 mpaka 5, na mashimo yawe zaidi ya moja.

Na mwamba hatuupimi kwa ugumu wa kipande. Kipande cha graniti kwenye mashine ya maabara kinakataa kuvunjika, lakini mlima haushuki kwa kuvunjika vipande, unashuka kwa kuteleza kwenye nyufa. Kuna kipimo alikianzisha Mmarekani Don Deere miaka ya 1960, kinaitwa RQD: unatoa chorongo la mwamba, ule mche wa mviringo unaotoka kwenye mashine ya kuchoronga, unapanga kwenye sanduku, unajumlisha urefu wa vipande vyenye sentimita 10 na zaidi tu, unagawa kwa urefu wote uliochoronga. Vipande vidogo havihesabiki hata viwe vigumu namna gani. Asilimia 90 safi, asilimia 20 umekutana na kokoto zilizopangwa. Kitu cha rula na sanduku la mbao, lakini mahandaki makubwa duniani yanaanzia hapo.

Mfano wa kuteleza mkubwa kuliko wote ninaowapa vijana ni Vajont, Italia. Bwawa la zege la mita 262, limejengwa imara kwelikweli. Tarehe 9 Oktoba 1963 upande wa mlima Toc ukateleza ndani ya bwawa, kama mita za ujazo milioni 270, mwamba wa chokaa ulioteleza juu ya vitabaka vyembamba vya mfinyanzi, vingine vya sentimita chache tu, baada ya maji ya bwawa kupandishwa na kulowesha mguu wa mlima. Wimbi likaruka juu ya ukuta likaufuta mji wa Longarone, watu kama 2,000 wakafa. Ukuta wenyewe upo mpaka leo. Mwamba mlima mzima, na kilichoamua ni mfinyanzi wa sentimita na presha ya maji.

Binti_Babati:

Hiyo imenikumbusha Katesh, chini ya mlima Hanang, tope liliposhuka. Desemba 2023 tulipoteza watu zaidi ya 80. Watu wengine walisema volkano imelipuka, wengine wakasema mizimu. Ilikuwa nini kwa lugha yako?

MpimaUdongo:

Poleni sana dada, ile ya tarehe 3 Desemba ilituuma wote. Haikuwa mlipuko. Hanang ni mlima wa volkano ya zamani, miteremko yake mikali imefunikwa na majivu na mawe yaliyooza, vitu dhaifu vinavyopenda maji. Mvua kubwa zikaulowesha, presha ya maji ndani ikapanda, kipande kikaachia juu, kikachanganyika na maji na kufuata mkondo wa korongo kikibeba mawe na miti. Likiwa kwenye korongo tope la namna hiyo halina tofauti na zege bichi lililomwagwa, linabeba mawe makubwa kuliko gari, na likifika tambarare linatawanyika. Nyumba zilizoumia zaidi ni zilizokuwa kwenye njia ya mikondo.

Kwa walio chini ya milima yenye miteremko hiyo, Hanang au kwingine: angalia kiwanja chako kama kiko kwenye mdomo wa korongo, na kama ukichimba unakuta mawe makubwa yamezama kwenye udongo bila mpangilio, maana yake limeshapita tope hapo zamani. Mvua ikiwa kubwa halafu maji ya mto yakapungua ghafla au yakabadilika kuwa mazito, kimbia kwenda pembeni na juu, usikimbie kufuata mto.

Binti_Babati:

Asante kaka. Hilo la maji kupungua ghafla sikulijua kabisa.

Dalali_Mstaarabu:

Swali la mwisho kabla sijalala mkuu. Kuna kiwanja mbuga tupu, kinauzwa nusu ya bei ya vile vya mlimani. Mteja wangu anataka vyumba vitatu. Nimwambie anunue au niache?

MpimaUdongo:

Mwambie asilipe kwanza. Achimbe shimo moja la choo, kwa mkono, mpaka mita 3 kama mweusi haujaisha. Ukiishia mita moja na nusu na chini kuna changarawe au mwamba, anunue, anautoa wote na bado atakuwa amebakiwa na hela. Ukipita mita 3 bado mweusi, apige hesabu ya nguzo na biimu za kuning'inia kabla ya kufurahia bei, na aongeze mifereji ya kutoa maji kiwanja kizima, mara nyingi ile nusu aliyookoa inarudi yote ardhini na nyingine juu yake. Kama anataka kulima au kuweka karakana ya mabati yenye sakafu ya vumbi, kiwanja ni kizuri sana, anunue leo.

Kesho asubuhi nipo saiti, mwenye maswali ya paili, zile nguzo za kushuka ardhini, aweke hapa nitajibu usiku.